Mti Usiojua Kushiba

Asubuhi ile jani la kwanza lilipoonekana jeusi ukingoni, Mzee Jitendra alidhani ni masizi. Akalowesha kidole gumba kwa mate, akalisugua kama mtu anayemfuta mtoto uso kabla ya kumpeleka shule. Weusi haukutoka. Akalisugua tena, na safari hii jani likavunjika mkononi mwake kwa sauti kavu, kama papadi.

Aligeuka upesi kutazama dirisha la jikoni. Hakukuwa na mtu. Pushpa, mkewe, alikuwa amefariki Januari ya mwaka ule wa 2003, na ndiye pekee ambaye angemgombeza. Lakini mwanamume akishagombezwa na mke mmoja kwa miaka arobaini, shingo inageuka yenyewe.

"Unajua mwenyewe nimekuweka hapa kwa mapenzi," akauambia mti kwa sauti ya chini. "Sasa mbona unanifanyia hivi?"

Hakuwa amerukwa na akili. Alijua anazungumza na nani.

Bustani yenyewe, hapo Queensbury, London, haikuzidi ua wa kuanikia nguo. Majirani walipanda waridi na nyanya. Pushpa alipanda Australia. Mdogo wake, Bhavini, alikuwa ameolewa Perth. Familia za Wahindi zilipoanza kuondoka Nyeri, huyu aliangukia London na yule akaangukia kule, kama choroko zilizomwagika kutoka gunia lililotoboka. Utotoni walikuwa wamezoea miti ya Australia bila kujua ni ya Australia: mikaratusi iliyozunguka shule yao, migrivilea iliyotia kivuli mashamba ya kahawa. Basi miaka ya tisini mwanzoni, Bhavini alipoanza kutuma mbegu ndani ya kadi za Diwali, Pushpa alizipokea kama mtu aliyeletewa salamu za nyumbani.

Mbegu za mwati, mti mwingine wa Australia, alizimwagia maji yanayochemka, akaziacha zilowe humo mpaka zivimbe, na Vijay wa nyumba ya pembeni akatangaza mtaani kwamba mke wa Jitendra anakunywa chai ya mbegu. Vijiti vya grivilea alivikata chini kidogo ya kifundo, akavivua majani ya chini, akavichovya kwenye asali, akavisimamisha mchangani na kuvifunika kwa chupa za plastiki zilizokatwa kitako. Dirisha zima la sebuleni likawa wodi.

Lakini kipenzi chake kilikuwa bankisia. Mti huu tunda lake ni kama gunzi la mahindi, gumu kama mbao, nalo limejaa midomo. Ndiyo, midomo: imefumba, mingine imenuna. Ndani ya kila mdomo mna mbegu nyeusi yenye ubawa, na mdomo haufumbuki kwa kubembelezwa. Unataka moto. Pushpa alilitia gunzi la Bhavini ndani ya oveni siku moja ya Novemba, kengele ya moshi ikapiga kelele, Vijay akaita zimamoto, na magari yaliyofika, ukimsikiliza Jitendra, yalijaza barabara mpaka basi la kwenda Edgware likarudi lilikotoka. Wazimamoto wakaingia na mashoka yao wakamkuta Pushpa amekaa sakafuni, kibano cha nyusi mkononi, anachomoa mbegu.

"Msikanyage hapo," akawaambia. "Watoto wangu hao."

Uliota mche mmoja tu ulioishi. Pushpa aliuchimbia kitanda cha mchanga na kokoto, akatupa mbali udongo wa mfinyanzi wa London, kisha akamwita mumewe. Jitendra alikuwa na duka la vyakula, na hakuweza kuona kiumbe chenye uhai bila kutaka kukilisha.

"Jitu, mti huu usiupe kitu. Maji, basi. Ukija hapa, mkono wako ukae mfukoni."

Mkono ulikaa mfukoni. Mti ukapita uzio, ukatoa maua ya njano yaliyosimama kama mishumaa, ukazaa magunzi yake wenyewe, midomo imefumba.

Kisha Pushpa akaugua. Akiwa kitandani aliomba jambo moja, lile wanaloomba watu wa desturi yao: majivu yake yatiwe kwenye maji yanayokwenda.

"Mtoni, Jitu. Maji yanayotembea. Nisikae mahali. Na usinifanyie ujanja wako wa dukani."

"Nani, mimi?"

"Wewe."

Akaapa. Aliapa kwa moyo mmoja, wala hakuwa na nia mbaya. Lakini mkewe aliporudi nyumbani ndani ya chombo cha plastiki cha rangi ya zambarau, kizito kuliko alivyotarajia, Jitendra alikiweka kwenye kiti cha jikoni, mkabala naye, wakanywa chai. Kesho yake wakanywa tena. Ampeleke mtoni, maji yamchukue hadi baharini, kisha yeye apande basi, arudi, afungue mlango, amwambie nani kwamba nje kuna baridi?

Nyuma ya uzio wa kushoto aliishi Émilienne, mama wa Kikongo kutoka Bukavu ambaye majirani walimwita Mama Raïssa kwa jina la bintiye, aliyelea wazee wa watu wiki nzima na kila Jumamosi akachoma mbuzi uani, hata theluji ikianguka. Jitendra alimwendea na ndoo.

"Mama Raïssa, nisaidie majivu ya jiko lako. Nataka kufukuza konokono."

"Konokono mwezi wa pili, Muzee?"

"Wa kwangu hawajui kuna baridi."

Ndivyo ilivyotokea kwamba Jumapili moja watoto wa Pushpa, watu wasioonja hata yai, walisimama ndani ya boti ya kukodi katikati ya Mto Thames, wakatupa maua ya manjano, wakasoma walichosoma, wakalia, wakamwaga majini majivu ya mbuzi wa Émilienne. Jitendra alilia kuliko wote. Pushpa alikuwa tayari chini ya bankisia. Alikuwa amemzika kuzunguka shina lote, taratibu, kwa kijiko cha mchuzi, ili asikate mizizi.

Wala haikumpitia akilini hata mara moja kwamba ameulisha mti. Mbolea ni kitu cha pakiti. Huyu alikuwa Pushpa.

Kufikia mwezi wa tano, weusi ulikuwa umekula kingo za majani ya upande mzima. Mwezi wa sita majani machanga yakatoka ya njano, rangi ya macho ya mgonjwa wa ini. Ndege waliozoea kutua matawini asubuhi wakahamia kwa Vijay. Paka wa Vijay, ambaye hakuna bustani asiyoichafua, alifika ukingoni mwa kile kitanda cha mchanga, akanyoosha shingo, akanusa, akarudi kinyumenyume.

Jitendra alielewa. Pushpa amekasirika. Aliomba mto, akapewa ua wa nyuma.

Akaanza kumtuliza. Kila asubuhi kabla ya chai alimimina bilauri ya maziwa shinani, kama wamiminavyo juu ya jiwe la Shiva hekaluni, akiomba radhi kwa Kigujarati na kujitetea kwa Kiswahili, maana Kiswahili ndicho walichotaniana nacho tangu ujana. Mkono mwingine, kwa kuiheshimu kanuni, aliuweka mfukoni. Kadiri alivyomtuliza ndivyo mti ulivyozidi kuungua bila moto. Alikuwa anampoteza mara ya pili, jani baada ya jani, naye amesimama hapo na bilauri.

"Muzee!" Émilienne alitokeza kichwa juu ya uzio. "Ule muti iko na nini? Inanuka maziwa ya kuoza mpaka jikoni kwangu."

"Una kiu tu."

"Kiu ya maziwa? Kwetu, mutu akimwaga maziwa chini kila siku, tunauliza, anamumwagia nani?"

"Namwagia mti, mama."

"Muti haiitwe Pushpa. Minakusikiaka."

Jitendra akaikung'uta bilauri. Émilienne akaegemeza viwiko juu ya uzio.

"Na yale majivu ya mbuzi?"

"Ya konokono."

"Konokono mimi sione hata moja."

"Si unaona? Yalifanya kazi."

Siku nyingine Émilienne angecheka. Leo alimtazama tu, akautazama mti, akarudisha macho kwake.

"Muzee. Mama ulimuweka wapi?"

Jitendra aliingia ndani, akafunga mlango, akasahau bilauri juu ya nyasi. Nzi waliikuta kabla yake.

Agosti ilikuja na joto ambalo London haikuwahi kulijua. Lami ya Honeypot Lane ililainika. Walisema yai limeiva juu ya boneti ya gari la Vijay, ingawa mwenyewe alikana kulila. Mchana mmoja wa siku hizo, hakuna hata upepo, Jitendra alikuwa amekaa kwenye kiti chake kando ya mti aliposikia: tak.

Kama mtu anayejivunja vidole.

Akainua uso. Gunzi lililokuwa usawa wa kichwa chake lilikuwa limefumbua mdomo mmoja. Alikumbuka wazi: haifumbuki ila kwa moto. Hapakuwa na moto. Tak. Mwingine. Tak, tak, kule juu, kwenye matawi yaliyokauka. Midomo ilikuwa inafumbuka mmoja mmoja, yote ikimwelekea yeye, au aliiona hivyo. Haikusema neno, na hilo ndilo lililomtia baridi katika joto lile. Ilikaa wazi, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kuanza kusema.

"Useme basi!" akamaka. "Sema, Pushpa, tuishe!"

Kijimbegu cheusi kilidondoka kikizunguka kwa ubawa wake, kikatua juu ya goti lake.

Jioni ile simu ikalia. Bhavini. Amepata tiketi, anakuja wiki ijayo. Hakuwahi kumzika dada yake. Sasa angalau auone mti wake.

Wiki ile Jitendra alifikiria mengi. Alifikiria kupaka majani rangi ya kijani, na akanunua kopo. Alifikiria kumwambia kwamba mwizi ameiba mti, London siku hizi wanaiba chochote. Mwisho hakufanya lolote, na Bhavini akafika, mwanamke mfupi mwenye kofia pana na kucha zenye udongo wa bara jingine, akapita sebuleni bila kuketi, akatoka nje, akasimama.

Hakulia. Alishika jani, likavunjika.

"Jitubhai. Umeupa nini?"

"Maji."

"Jitubhai."

"Na maziwa kidogo. Kwa heshima."

"Maziwa!" Bhavini akavua kofia. "Pushpa hakukuambia? Huko unakotoka mti huu, udongo una njaa. Ni mchanga mtupu, umeoshwa na mvua tangu dunia iumbwe. Mizizi yake imezoea kukwangua fosforasi chembe kwa chembe, haijui kusema nimeshiba. Ikiwekewa inakula, inakula, mpaka inakufa. Na maziwa yana fosforasi." Akainama, akatazama shina. "Lakini bilauri ya maziwa haiangushi mti mkubwa hivi. Kuna kitu kingine hapa. Mbolea ya mifupa? Uliweka mifupa?"

Jitendra akauingiza mkono mfukoni. Nyuma ya uzio, Émilienne, aliyekuwa anaanika shuka, aliacha kuanika.

Bhavini akapiga magoti, akachimba kwa vidole. Mchanga ulitoka wa njano, kisha wa kijivu, kisha ukawa na chembe nyeupe, kavu, zenye kingo kali. Akazifikicha kati ya vidole. Juu yao gunzi likasema tak. Bhavini alizitazama zile chembe kwa muda mrefu, kisha akamtazama shemeji yake aliyesimama na mkono mfukoni, jasho likimtiririka.

"Watoto walinitumia picha," akasema polepole. "Kwenye boti. Na maua."

"Ilikuwa ya mbuzi," Émilienne akasema kutoka uzioni. Alishindwa kujizuia.

"Mbuzi gani?"

"Ya kwangu. Unisamehe, mama. Aliniambia konokono."

Hapakuwa na aliyecheka. Bhavini akaketi palepale mchangani, mkono juu ya ardhi, kama anayemshika mgonjwa.

"Alikuambia maji yanayokwenda."

"Aliniambia."

"Kwa hiyo amekwama hapa tangu baridi. Mti wake unamla, naye anauua. Yeye hawezi kuondoka, na mti hauwezi kuacha kula."

Muda wote ule Jitendra alidhani ni hasira ya Pushpa. Kumbe ni yeye mwenyewe, kwa kijiko cha mchuzi, aliyemtia mkewe katika kazi ambayo asingeifanya kwa hiari yake: kumuua mtoto aliyemlea kwa kibano cha nyusi.

"Utapona?" akauliza.

"Hapana. Sikiliza." Tak. "Tawi likifa, magunzi yake yanafumbuka. Mti unatoa mbegu kabla haujaisha. Hizo ndizo zilizobaki za Pushpa, Jitubhai. Tuziokote, tuuchimbue udongo wote, umpeleke alikoomba. Wote, mpaka chembe ya mwisho. Ukitaka kumbakiza yeye, hutabaki na mti wala watoto wa mti."

Wakaokota mbegu nyasini kwa mikono na magoti. Wakaukata mti, wakachimba, Vijay akaleta gari lake bila utani hata mmoja, wakapakia ndoo. Thames, upande ule usio na watalii, maji yalikuwa yameanza kupwa, yanakwenda mbio, ya rangi ya chai ya maziwa. Safari hii hakukuwa na boti wala picha. Bhavini alisoma maneno, na ndoo baada ya ndoo Pushpa akaenda, mchanga wake, kokoto zake, mizizi yake laini kama nywele zilizotoka kwenye kitana.

Ndoo ya mwisho ilikuwa ya Jitendra. Aliinama juu yake. Bhavini alikuwa amefumba macho. Mkono wa mzee ukazama ndooni, ukafumba ngumi, ukatoka, ukaingia mfukoni mwa koti la sufu, lile koti la dukani alilolivaa hata katika joto lile kwa sababu ndilo la heshima. Kisha akamimina.

Émilienne, aliyekuja kuwasaidia kubeba, hakuwa amefumba macho. Alimwona. Alifungua mdomo, akamtazama yule mama wa Perth aliyekuwa sasa analia hatimaye, akaufunga.

Kabla ya kuondoka, Bhavini alichoma matawi makavu ya bankisia ndani ya jiko la Émilienne, akaziweka trei za mchanga juu ya moshi na kuzifunika kwa shuka zee, ili mbegu zijue kwamba mzazi ameungua na sasa ni zamu yao. Zikajua. Kabla ya Diwali dirisha la sebuleni lilikuwa wodi tena, na kila kitanda kina mgonjwa aliyepona. Jitendra aliwamwagia maji, basi. Majirani walimwona kila siku amesimama juu yao, mkono mfukoni, mtiifu kama mtoto wa shule.

"Sijawapa kitu, unaona?" angesema. "Hata tone la maziwa."

Ndani ya mfuko vidole vilikuwa vinazifikicha zile chembe, taratibu, kama shanga za tasbihi. Alikuwa na mke mfukoni na watoto dirishani. Bhavini alisema huwezi kupata vyote, lakini Bhavini hakuwahi kuendesha duka.

Mwezi wa nne ulipofika na jua likapata nguvu kidogo, aliwatoa nje, akawapanda kando ya ukuta, mkubwa wao karibu na mlango. Huyo alimpenda zaidi. Alisimama juu yake kila asubuhi, mpaka chai ikapoa.

"Muzee, toa mukono," Émilienne alimwambia siku moja, chini ya sauti.

"Kanuni ya Pushpa, mama. Mkono mfukoni."

"Hakusema hivyo juu ya hiyo. Nilikuona kule mutoni."

"Uliona mzee anapasha vidole joto."

"Mwezi wa nane?"

Jitendra akacheka, kicheko chake kile cha kumtoa mteja mlangoni, na Émilienne akaondoka.

Akabaki peke yake. Vidole vikashuka chini ya mfuko kutafuta zile chembe. Vikakuta kitambaa. Vikakuta chembe moja, na nyingine, kisha uzi uliolegea, kisha ncha ya kidole cha kati ikapita pahali ambapo mfuko ulipaswa kuwepo, ikapita bitana, ikagusa suruali yake.

Alisimama hivyo, hatikisiki. Kisha, polepole sana, akateremsha macho.

Kutoka kizingiti cha mlango wa jikoni hadi miguuni pake kulikuwa na mstari wa kijivu juu ya vigae, mwembamba, umepindapinda, kama rangoli ya mlangoni, pambo la unga lililochorwa na mtoto. Mvua ya juzi ilikuwa imeuosha mahali pengi. Alifuata kwa macho kule maji yalikokuwa yameelekea. Ua wote uliinamia ukutani, kule kwenye miche.

Akachuchumaa. Mche mkubwa ulikuwa mbichi, umesimama wima, majani yake yanamelemeta. Isipokuwa lile changa la juu kabisa, lililofunguka jana. Ukingoni mwake palikuwa na kitu cheusi.

Masizi, bila shaka. Akalowesha kidole gumba kwa mate.